Majumba ya kale ya sinema: Urithi wa mijini unaotoweka bila kuagwa

Na Mwandishi Wetu

MGENI anayepita eneo la Vuga, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, anaweza kulipita jengo la Majestic bila kulitazama mara mbili. Halina mlango wa nakshi unaopigwa picha na watalii, wala halitajwi sana na waongozaji wa wageni. Ni jengo la katikati ya karne iliyopita, lenye umbo lililokuwa la kisasa katika siku zake, na paa la ukumbi wake limekwisha anguka.

Hata hivyo, kwa mzee wa Unguja aliyekuwa kijana katika miaka ya 1950 na 1960, jina hilo peke yake linatosha kumrudisha kwenye foleni za Jumapili, nguo zilizopigwa pasi na nyimbo za filamu ya Kihindi zilizoimbwa njiani na watu waliokuwa wakirejea nyumbani usiku.

Majestic haiko peke yake. Kuanzia Zanzibar, Dar es Salaam na Tanga hadi Mombasa na Nairobi, majumba ya sinema yaliyokuwa kitovu cha starehe za mijini kwa zaidi ya nusu karne yamebomolewa, yamegeuzwa maghala, maduka na nyumba za ibada, au yameachwa yajifie yenyewe.

Makala haya yanaeleza chimbuko la majumba hayo, sababu za kuporomoka kwake, na kwa nini wataalamu wa urithi duniani wamefikia mahali pa kuyahesabu pamoja na makasri na ngome za kale. Aidha, yanaangalia swali ambalo miji yetu haiwezi kulikwepa kwa muda mrefu: ni kitu gani hasa kinachofaa kuokolewa, na kiokolewe kwa njia gani?

Chimbuko la sinema pwani

Filamu zilifika pwani ya Afrika Mashariki mapema, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, muda mfupi baada ya teknolojia hiyo kuzinduliwa Ulaya mwaka 1895. Hapo awali hapakuwa na majumba maalumu. Mtambo ulisafirishwa kutoka mahali hadi mahali, na watazamaji walikusanyika katika mahema, viwanja na kumbi za kukodi.

Miongoni mwa waanzilishi wa biashara hiyo Zanzibar alikuwa mfanyabiashara Hassanali Adamji Jariwalla. Yeye ndiye aliyehusika na ujenzi wa Royal, jumba kubwa la sinema na maonyesho lililofunguliwa Mji Mkongwe mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Michoro ya Royal ilitoka kwa John Sinclair, ofisa wa serikali ya kikoloni ambaye pia ndiye aliyebuni majengo kadhaa ya umma yanayoupa mji huo sura yake hadi leo. Sinclair alipenda kuchanganya matao na kuba za Mashariki na mpangilio wa majengo ya Ulaya, na mtindo huo ukaonekana katika kazi zake nyingi.

Royal iliteketea kwa moto mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mahali pake likajengwa jumba jipya, Majestic, lililofunguliwa mwaka 1955. Mbunifu wake, Dayaljee Pitamber Sachania, aliachana na matao ya Sinclair, akachagua mtindo wa mistari iliyonyooka uliokuwa ukitawala majumba ya sinema ya Bombay, London na Marekani. Kwa namna hiyo kiwanja kimoja cha Vuga kikabeba historia mbili za ujenzi katika muda wa miaka thelathini na ushei.

Mjini Unguja palikuwa pia na Empire, karibu na soko la Darajani, na Sultana, upande wa Malindi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Sultana ilibadilishwa jina, ikaitwa Cine Afrique. Hata Pemba haikubaki nyuma, kwani Chake Chake na Wete nako kulikuwa na majumba ya sinema.

Tanzania Bara, jijini Dar es Salaam, wakazi wa zamani wanayataja majina ya Avalon, Empire, Empress, Odeon, Cameo na New Chox kama mtu anayewahesabu ndugu zake. Mwaka 1966 likaongezwa jumba la aina yake, sinema ya wazi ambayo watazamaji waliingia na magari yao. Tanga ilikuwa na Majestic yake, Moshi ilikuwa na Plaza, na Arusha ilikuwa na Metropole.

Nchini Kenya, Mombasa ilijivunia Regal, Naaz na Majestic, ilhali Nairobi ilikuwa na orodha ndefu zaidi, ikiwamo Kenya, 20th Century, Odeon, Globe, Shan na Liberty.

Zaidi ya mahali pa kutazama picha

Ili kuelewa thamani ya majumba haya, ni lazima kwanza kuelewa kazi iliyofanywa na majumba hayo katika maisha ya mji.

Katika miji ya kikoloni watu waliishi kwa mitaa iliyotengana. Uzunguni, Uhindini na Uswahilini vilikuwa vitu vitatu mbalimbali, kila kimoja na shule zake, hospitali zake na vilabu vyake. Mahali ambapo watu wa makundi hayo wangeweza kukaa chini ya paa moja kwa saa tatu, wakacheka na kulia kwa wakati mmoja, palikuwa pachache mno.

Sinema za Zanzibar na Tanganyika zilikuwa miongoni mwa mahali hapo. Tofauti na Afrika Kusini, ambako ubaguzi uliingia hadi katika viti, huku kilichowagawa watazamaji zaidi kilikuwa bei ya tiketi. Wenye senti chache walikaa mbele karibu na skrini, wenye uwezo walipanda juu kwenye balkoni. Hadithi iliyoonyeshwa, hata hivyo, ilikuwa moja kwa wote.

Filamu za Kihindi ndizo zilizovuta umati mkubwa kuliko zote. Awaara, ya mwaka 1951, iliyochezwa na Raj Kapoor na Nargis, ilipendwa na watu ambao hawakujua neno moja la Kihindi. Filamu za Misri nazo zilikuwa na wapenzi wengi Zanzibar, hasa kwa ajili ya waimbaji wake. Haishangazi kwamba nyimbo nyingi za taarabu za miaka hiyo zilikopa mahadhi kutoka katika sinema za nchi hizo mbili.

Kulikuwa pia na maonyesho ya wanawake peke yao, yaliyojulikana kwa jina la zanana. Kwa mama na mabinti wa mjini ambao desturi haikuwaruhusu kuchangamana na wanaume usiku, maonyesho hayo yalikuwa ni nafasi halali na ya heshima ya kutoka nyumbani, kukutana na mashoga na kuzungumza yanayowahusu.

Vijana wa miaka ya 1970 walileta ladha yao. Filamu za karate za Bruce Lee zilijaza kumbi za Dar es Salaam, na neno "stelingi" likaingia katika Kiswahili cha mitaani kwa maana ya shujaa wa filamu, yule ambaye kila mtazamaji alijua kwamba hatakufa kabla ya mwisho.

Biashara hiyo iliajiri watu wa kila namna. Kulikuwa na wakata tiketi, waongoza viti kwa kurunzi, wachora mabango, mafundi mitambo, wauza karanga na kahawa nje ya lango, na walanguzi waliouza tiketi kwa bei ya kuruka siku ya filamu mpya. Zanzibar ilipotokea filamu moja kuonyeshwa katika majumba mawili usiku mmoja, vijana wa baiskeli walikimbiza mikanda kutoka jumba moja kwenda jingine, kila mkanda ukimalizika huku ukianza kule. Baiskeli ikipata pancha njiani, ukumbi mzima ulisubiri.

Skrini hizo hizo ndizo zilizowaonyesha Waafrika wa Tanganyika watu wa kwao. Mwaka 1952 ilitengenezwa filamu ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu, na mchezaji wake mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, ambaye miaka kumi baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa nchi hiyo.

Sababu za kuporomoka

Watu wengi huamini kwamba majumba ya sinema yaliuawa na televisheni. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi.

Jambo la kwanza lilikuwa umiliki. Zanzibar, majumba ya sinema yalitaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Tanzania Bara, Sheria ya Utwaaji wa Majengo ya mwaka 1971 iliyaweka majengo yenye thamani ya zaidi ya Sh100,000 mikononi mwa Msajili wa Majumba, na baadaye Shirika la Nyumba la Taifa. Waliokuwa wenye majumba wakageuka wapangaji ndani ya kuta walizozijenga wenyewe.

Mpangaji hatengenezi paa la mwenye nyumba. Mwenye nyumba naye, akiwa taasisi yenye maelfu ya majengo na kodi ndogo, hana sababu ya kulitazama paa la sinema kabla ya mengine. Hivyo pengo la matengenezo likaanza wakati kumbi bado zikijaa watu.

Jambo la pili lilikuwa upatikanaji wa filamu. Uagizaji na usambazaji ulihamia chini ya Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1968. Uchumi ulipodorora mwishoni mwa miaka ya 1970 na fedha za kigeni kuadimika, filamu mpya zikawa chache, mikanda ya zamani ikarudiwa hadi ikachanika, na vipuri vya mitambo havikuagizwa tena.

Kanda za video zilipoingia katika miaka ya 1980, zilikuta majumba yamekwisha dhoofu. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, mapema kuliko nchi nyingi za Afrika, na bado watu waliendelea kwenda sinema. Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza mwaka 1994, wakati ambapo vibanda vya video vilikuwa vimekwisha enea kila mtaa.

Jambo la tatu, ambalo ndilo linaloyamaliza majengo yenyewe, ni thamani ya ardhi. Majumba ya sinema yalijengwa katikati ya miji, katika viwanja vipana. Kiwanja kama hicho leo kinaweza kubeba ghorofa nyingi za ofisi na fleti. Kwa hesabu za muda mfupi, ukumbi mmoja wa ghorofa mbili hauwezi kushindana.

Sinema ya magari ya Dar es Salaam ni mfano. Mahali palipokuwa na skrini yake pamejengwa Ubalozi wa Marekani, uliohamia huko baada ya jengo lake la awali kulipuliwa mwaka 1998. Jijini Nairobi, Globe imebaki kuwa jina la mzunguko wa barabara, na Odeon ni kituo cha matatu. Abiria wengi wanaoshuka hapo hawajui kwamba wanataja sinema.

Empire ya Darajani nayo iligeuzwa duka, na Cine Afrique, ambayo Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi liliwahi kuitumia, iligeuzwa jengo la biashara.

Kitu gani hasa kinahifadhiwa?

Jumba la sinema au la maonyesho ni jengo la namna yake, na hapo ndipo ugumu wa kulihifadhi unapoanzia. Nyumba ya kuishi ikigeuzwa hoteli, vyumba hubaki vyumba. Ukumbi wa sinema ukigawanywa kwa kuta na sakafu mpya, kilichokuwa ukumbi hakipo tena, hata kama uso wa mbele umepakwa rangi na jina likabaki juu ya lango.

Kiini cha jengo ni ule uwazi mkubwa wa ndani usiokuwa na nguzo, ambamo mamia ya watu wanaweza kutazama kitu kimoja. Sakafu yake huteremka taratibu ili anayekaa nyuma asizibwe na wa mbele. Kuta na dari zimepangwa ili sauti isambae bila mwangwi, na matundu ya hewa yamewekwa juu ili joto la umati lipate pa kutokea. Ni ufundi uliofikiriwa kabla ya viyoyozi kuwa jambo la kawaida, na wasanifu wa leo wanaotafuta njia za kupunguza gharama za umeme wana la kujifunza humo.

Chumba cha mitambo nacho kina historia yake. Hadi miaka ya mwanzo ya 1950 mikanda mingi ya filamu ilitengenezwa kwa nitreti, kitu kinachoshika moto kwa urahisi na kisichozimika kirahisi. Ndiyo maana vyumba hivyo vilijengwa kwa kuta nene, vidirisha vidogo na mlango wa chuma, ili moto ukizuka ubaki humo. Ndani yake ziliwekwa projekta mbili, na fundi alitakiwa kuiwasha ya pili katika sekunde ile ile mkanda wa kwanza unapokwisha, watazamaji wasijue.

Kuna pia vitu vinavyohamishika: mitambo, viti, tiketi, mabango yaliyochorwa kwa mkono, vitabu vya hesabu na picha za wafanyakazi. Vitu hivi hupotea kwanza, kwa kawaida siku jengo linapokabidhiwa kwa mpangaji mpya, na huishia kwa wauza vyuma chakavu.

Na kuna kumbukumbu za watu. Mafundi mitambo na wakata tiketi wa miaka ya 1960 ni wazee sana hivi sasa. Kila mwaka unaopita bila masimulizi yao kurekodiwa ni hasara isiyoweza kufidiwa na fedha yoyote ya ukarabati.

Adui mkubwa wa majengo ya pwani ni maji. Paa likivuja, chumvi ya bahari iliyomo hewani huzifikia nondo ndani ya zege, nazo hupata kutu, huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Katika majengo ya mawe ya matumbawe, ukarabati wa haraka kwa saruji huleta madhara badala ya nafuu, kwa sababu saruji huufungia unyevu ukutani, ilhali chokaa ya asili huuacha utoke. Mafundi wa Mji Mkongwe wanalijua hilo, lakini chokaa inataka muda na subira.

Sheria inasemaje?

Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baada ya hapo linahitaji kutangazwa na waziri mwenye dhamana. Kwa kuwa sinema yenyewe ilizaliwa mwaka 1895, hakuna hata jumba moja la sinema linaloweza kulindwa bila tamko hilo.

Zanzibar ina utaratibu wake. Mamlaka ya Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1985, sheria ya hifadhi na uendelezaji wa mji huo ikapitishwa mwaka 1994, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya Unesco. Majestic imo ndani ya eneo hilo.

Lakini orodha si paa. Jumba la Beit al-Ajaib, jengo mashuhuri kuliko yote Zanzibar, liliporomoka sehemu yake ya mbele Desemba 25, 2020 wakati likifanyiwa ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Ikiwa jengo hilo, lenye jina duniani kote, lingeweza kufikia hali hiyo, ukumbi wa sinema wa mwaka 1955 usiojulikana na watalii uko katika hatari kubwa zaidi.

Wenzetu wamefanya nini?

Eritrea imeonyesha kwamba majengo ya karne ya 20 yanaweza kuheshimiwa kama ya kale. Mji wa Asmara uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2017 kwa ajili ya usanifu wake wa kisasa, na miongoni mwa alama zake kuu ni sinema ya Impero, iliyojengwa mwaka 1937.

Mumbai, mji ambao filamu zake ndizo zilizojaza kumbi za Unguja na Mombasa, ulifuata mwaka 2018. Eneo lake la majengo ya miaka ya 1930, zikiwamo sinema za Regal na Eros, liliingizwa katika orodha hiyo baada ya wakazi wenyewe kuchukua hatua ya kulidai. Eros, iliyofunguliwa mwaka 1938, ilifungwa mwaka 2017, kisha ikafunguliwa tena mwaka 2024 ikiwa na skrini ya kisasa. Mji haukulazimika kuchagua kati ya jengo la zamani na teknolojia mpya.

Uingereza iliunda chombo maalumu kwa sheria ya Bunge mwaka 1976 kwa ajili ya kuyalinda majumba ya maonyesho. Chombo hicho hushirikishwa pale mtu anapoomba kibali cha kubomoa au kubadilisha ukumbi wa aina hiyo.

Jijini Mogadishu, Jumba la Taifa la Maonyesho, lililofunguliwa mwaka 1967, lilipita katika vita na mashambulizi. Septemba 2021 filamu zilionyeshwa humo hadharani kwa mara ya kwanza baada ya takriban miaka thelathini. Kwa wakazi wa mji huo, kukaa tena gizani na kutazama picha pamoja ilikuwa habari kubwa kuliko filamu zenyewe.

Hapa jirani, Nairobi ina mifano miwili ya kutazama. Sinema ya Shan, iliyoko Ngara, ilichukuliwa na taasisi ya Sarakasi, ikawa ukumbi wa mazoezi na maonyesho ya wanasarakasi, wachezaji ngoma na wanamuziki. Jumba la Taifa la Maonyesho la Kenya, lililofunguliwa mwaka 1952, lilifanyiwa ukarabati na kufunguliwa upya mwaka 2015. Ni jumba lile lile ambalo mwaka 1976 waandishi wa Kenya, akiwamo Ngũgĩ wa Thiong'o, waligombania nafasi ya kuonyesha michezo yao dhidi ya vikundi vya kigeni vilivyolizoea.

Mfano wa Shan una funzo ambalo linafaa kusisitizwa. Jengo limebadilisha kazi, lakini ukumbi umebaki ukumbi, na watu bado wanakusanyika kutazama wengine wakifanya jambo. Hata nyumba za ibada zilizoingia katika baadhi ya sinema za zamani, ingawa wapenzi wa filamu hulalamika, mara nyingi zimeutunza ukumbi kuliko ghala au duka la vitambaa lingefanya, kwa sababu nazo zinahitaji nafasi kubwa, paa zima na sauti inayosikika.

Nini kifanyike?

Hatua ya kwanza haina gharama kubwa, nayo ni kuorodhesha. Kila halmashauri ya mji inaweza kufanya hesabu ya majumba ya sinema na maonyesho yaliyomo katika eneo lake, mwaka yalipojengwa, hali yake na mwenye nalo. Vyuo vyenye wanafunzi wa usanifu majengo vinaweza kupewa kazi ya kuyapima na kuyachora. Jengo lililopimwa likibomoka, angalau linabaki karatasini.

Hatua ya pili ni kuitazama upya sheria. Umri peke yake usiwe kigezo. Jengo la mwaka 1955 lililowakusanya watu wa mji mzima kwa miaka thelathini lina historia nzito kuliko ukuta wa mwaka 1860 ambao hakuna anayejua ulikuwa wa nini.

Hatua ya tatu ni kutafuta kazi kabla ya kutafuta rangi. Jengo lililokarabatiwa kisha likafungwa huanza kuoza siku ya pili. Kwa hiyo mpango wowote wa ukarabati uanze na swali la nani atalitumia jengo, siku ngapi kwa juma, na mapato yatatoka wapi. Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi, lililozinduliwa Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1990, limeonyesha filamu Ngome Kongwe kwa miaka mingi, na umati unaojaa pale ni ushahidi kwamba watazamaji wapo.

Mahitaji ya kumbi nayo yapo. Filamu za Kitanzania zinatengenezwa kwa wingi na nyingi huishia kwenye simu. Vikundi vya taarabu, maigizo, muziki wa kizazi kipya na vichekesho hukodi kumbi za hoteli kwa bei kubwa. Shule hazina mahali pa mashindano ya michezo ya kuigiza. Ukumbi mmoja wa kale, ukipangiwa ratiba vizuri, unaweza kuwahudumia wote hao.

Wananchi wa kawaida nao wana sehemu yao. Aliye na picha ya harusi iliyopigwa mbele ya Empress, tiketi ya Novelty au bango la filamu lililokunjwa chini ya kitanda, anacho kipande cha historia ya mji. Makavazi na maktaba zinaweza kuvipokea au kuvinakili na kuvirudisha. Aliye na babu au bibi aliyefanya kazi sinema anaweza kukaa naye jioni moja na kurekodi mazungumzo kwa simu.

Kwa upande wa Majestic, wapenzi wa urithi wa Zanzibar wamekuwa wakitafuta njia ya kuurudisha ukumbi huo katika kazi ya filamu, muziki na maigizo. Kuta bado zimesimama, na mteremko wa sakafu bado unaonyesha mahali viti vilipokuwa. Kinachopungua ni paa, na mvua za masika hazisubiri vikao.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa jumba la sinema methali hiyo haitoshi, kwa sababu ukuta unaweza kujengwa tena. Mahali ambapo mji mzima umezoea kukaa pamoja pakishauzwa na kugawanywa, ni vigumu sana kupapata tena katikati ya mji kwa bei yoyote.